Kuchovya bunduki nikeli: niliyojifunza kando ya Ziwa Victoria

Usiku ule tulikuwa watatu kwenye majaruba ya mpunga upande wa Magu, hatua kama arobaini kutoka kwenye matete. Kiboko yule alikuwa amemjeruhi mvuvi wiki moja nyuma, na kibali cha kumuua kilikuwa kimeshatoka. Wanakijiji walipiga madebe tangu magharibi mpaka wakachoka, wakarudi majumbani. Tochi ilipommulika alikuwa ameshatugeukia. Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Nikaweka kitako begani, nikalenga, nikavuta triga, nikasikia sauti ndogo kavu, kama kijiko kilichogonga kisahani. Bunduki haikulia.

Mwenzangu wa kushoto ndiye aliyepiga. Bunduki yake ilikuwa kuukuu, rangi imemalizika yote, kitako kimezungushiwa waya wa shaba pale kilipopasuka. Ililia mara mbili, kiboko akalala kwenye tope. Mimi nilibaki nimeelekeza mtutu kule kule mbele, nahesabu kimoyomoyo hadi thelathini kabla ya kufungua bolti, kile chuma cha nyuma kinachoifungia risasi ndani ya mtutu, maana risasi iliyogongwa ikakataa inaweza kulipuka kwa kuchelewa. Nilipofika thelathini mikono ilikuwa inatetemeka. Risasi ilipotoka niliimulika: fataki, kile kidude cha nyuma ya risasi kinachowasha baruti, ilikuwa na kijishimo chepesi tu, kama imeguswa na ukucha.

Bunduki iliyoninyima mlio ndiyo iliyokuwa imechovywa nikeli, metali ya kuzuia kutu.

Nimekuwa askari wa wanyamapori mwambao huu wa ziwa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu: viboko kwenye majaruba, mamba kwenye mialo, doria za boti hadi visiwani. Mafunzo yangu niliyapata Pasiansi, hapa hapa Mwanza, kwenye chuo kinachofundisha askari wa uhifadhi tangu miaka ya 1960. Nimeona nieleze habari hii kwa kirefu kwa sababu kijana mmoja wa Sengerema, anayemiliki raifo kwa leseni halali, alinijia akiwa ameshaweka fedha kando ili aipeleke nje ya nchi ikachovywe. Aliniuliza, "Mzee, hii kitu inalipa kweli, au ni urembo?" Sikuweza kumjibu kwa neno moja.

Bunduki ile ilitufikia kutoka kwa mwindaji mgeni aliyeitoa kwa ofisi yetu kwa taratibu zote za polisi. Kaliba yake, yaani kipimo cha risasi yake, ilikuwa .375 Holland & Holland, risasi iliyozaliwa mwaka 1912 na ambayo mpaka leo kwa nyati na kiboko watu wanaiheshimu. Bolti ilikuwa ya mtindo wa Mauser 98. Chuma chote cha nje, pamoja na bolti, kilikuwa na rangi ya fedha inayoelekea manjano kidogo. Mwenyewe alituambia ni nikeli yenye boroni, na kwamba haishiki uchafu wala haili kutu.

Kwa wasioijua kazi hii: chuma kinatumbukizwa kwenye dawa yenye nikeli, nikeli inajishika juu yake bila kutumia umeme. Njia hiyo waliieleza Wamarekani wawili, Abner Brenner na Grace Riddell, mwaka 1946. Uzuri wake ni kwamba utando unakaa sawasawa kila mahali dawa inapofika, pembeni na kwenye mashimo, tofauti na kuchovya kwa umeme ambako pembe hunenepa na mashimo hubaki na njaa. Wengine wanaongeza boroni ili utando uwe mgumu. Wengine wanachanganya punje ndogo sana za Teflon, ile ile ya kwenye vikaango visivyoshika chapati. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 5 hadi 25, na unywele wa binadamu ni kama mikroni 70. Ni kitu chembamba mno, na hilo litakuja kuwa na maana mbele.

Kuhusu ulaini, sina ubishi nao. Chuma kikavu juu ya chuma kikavu, mzigo wa kilo 10 unataka nguvu ya kama kilo 6 ndipo usogee. Juu ya Teflon, kilo 1 inatosha na kubaki. Nikeli yenye boroni haitelezi kama Teflon tupu, lakini mkono unaisikia tofauti yake mara ya kwanza tu unapokoki. Bolti ilikuwa inakwenda kama droo ya kabati jipya. Na jambo nililolipenda zaidi lilikuwa vumbi. Udongo mweusi wa mbuga ukikauka unakuwa unga, na unga huo ukikutana na mafuta ya bunduki unageuka kuwa kitu cha kunolea: unasaga chuma taratibu kila unapokoki. Na karibu na maji kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani kama moshi. Wakitua kwenye chuma chenye mafuta mengi, asubuhi unakuta bunduki imeota manyoya. Kwenye bunduki ya nikeli nilikuwa naweka tone moja la mafuta mahali pa matano, na ikaenda vizuri. Masizi ya baruti yaliyokuwa yakinitoa jasho kwa brashi kwenye bunduki kuukuu, pale yalitoka kwa kitambaa.

Kwa hiyo anayesema utando huu hauna kazi, huyo hajaushika. Kilichoniponza mimi ni kwamba ulifanya kazi vizuri nikaubebesha na isiyo yake.

Wiki tatu kabla ya usiku wa kiboko tulikuwa tunarudi kutoka Ukerewe, upepo wa jioni ukatukuta katikati. Mawimbi ya ziwa hili ni mafupi na yanakuja haraka haraka. Boti yetu ilipakia maji mpaka magotini. Bunduki zote mbili zilikuwa sakafuni ndani ya mifuko yake, zikalowa. Tulipofika Mwaloni Kirumba usiku, mwenzangu aliifungua ile kuukuu palepale chini ya taa: akatoa bolti, akachomoa pini inayogonga fataki na springi yake, akapuliza, akafuta, akapaka mafuta. Ilikuwa desturi yake kila usiku, kwa sababu bunduki ile usipoiangalia siku moja tu inatoa wekundu. Mimi niliifuta ya kwangu kwa nje, nikakoki mara tatu, ikateleza kama siku ya kwanza. Nikaiweka kabatini nikaenda kulala.

Sikuifungua siku ya pili, wala ya tatu. Kila nilipoitoa ilikuwa inang'aa, na kila nilipokoki ilikuwa laini.

Asubuhi baada ya kiboko ndipo nilipokaa nayo. Bolti ya Mauser 98 hufunguka bila zana: unaweka kifungo cha usalama wima, unabonyeza kijipini kidogo pembeni, unazungusha kofia ya nyuma mpaka itoke pamoja na pini na springi yake. Nilivuta, ikatoka uji wa kahawia. Maji ya ziwa yalikuwa yameingia ndani ya bolti, yakakutana na mafuta ya zamani, na springi imeanza kuliwa. Pini ilikuwa inaogelea ndani ya uji mzito, ikafika kwenye fataki imechoka. Nje ya bolti ile ile hapakuwa na hata doa.

Springi haikuwa imechovywa. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba mafundi wengi wa kuchovya huziweka springi kando kwa makusudi, na wana sababu. Kabla ya kuchovya, chuma husafishwa kwa tindikali, na katika kazi hiyo hidrojeni inaweza kupenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama kijiti kikavu. Springi ni chuma kigumu kinachofanya kazi ya kujikunja maisha yake yote. Ukiichovya bila kuioka vizuri baadaye, unaweza kujitafutia balaa kubwa kuliko kutu. Basi zinabaki tupu. Na misumari midogo, na pini za triga, na springi ya magazini mara nyingi ni hivyo hivyo. Yaani sehemu zilizofichika, ambazo jicho halifiki, ndizo zinazoachwa bila kinga, na bunduki inayong'aa nje inakufanya usizitafute.

Mwenzangu hakunilaumu. Aliniambia tu, "Afande, hii yangu huwa siiamini, ndiyo maana naifungua." Maneno hayo yalinikaa kuliko adhabu yoyote ambayo ofisi ingenipa.

Kuna somo la pili nililipata kwenye bunduki ile ile, na hili linahusu kutu yenyewe. Mnyororo wa nanga uliukwaruza mtutu karibu na mdomo, mkwaruzo wa urefu wa kidole. Nikadhani ni alama tu. Baada ya masika moja, chini ya mkwaruzo ule palikuwa pamevimba kidogo, na nilipogusa kwa ukucha utando ukabanduka kama gamba la samaki. Chini yake kulikuwa na shimo. Hapakuwa na wekundu umeenea kama kwenye bunduki kuukuu. Palikuwa na shimo, limechimba kwenda chini.

Nilishangaa, maana nyumba yangu ina mabati, na mabati yale yamekwaruzwa na matawi ya mwembe miaka na miaka, na kwenye mikwaruzo hayajaoza. Bati nalo ni chuma kilichopakwa metali nyingine. Tofauti iko kwenye metali iliyopakwa. Bati limepakwa zinki, na zinki ni dhaifu kuliko chuma: maji yakiingia kwenye mkwaruzo, zinki inaliwa kwanza, chuma kinasubiri. Ndiyo maana hata injini za boti zinafungwa vipande vya zinki pembeni, viliwe badala ya injini. Nikeli ni kinyume chake. Nikeli ni imara kuliko chuma, kwa hiyo pale utando ulipotoboka, chuma ndicho kinacholiwa, na nguvu yote ya kutu inaelekea kwenye kile kidonda kidogo. Angalia rimu ya baiskeli iliyokaa miaka kadhaa huku kwetu Usukumani: inang'aa kila mahali, isipokuwa vidoti vya kutu vilivyochimba kama ndui. Ni jambo lile lile. Nikeli inazuia kwa kuziba, na ikishatoboka haina cha kukusaidia. Na nimeshasema unene wake hauufikii unywele.

Ziwa letu ni la maji baridi, hilo ni jambo la kushukuru. Askari wa Kilwa au Mafia anapambana na chumvi inayokuja na upepo. Lakini chumvi sisi tunaibeba wenyewe mikononi, kwa jasho. Na unyevu hapa haukosekani. Hewa ikipita asilimia 60 ya unyevu chuma kinaanza kushika kutu kwa kasi, na mwambao huu, miezi ya mvua, hilo ni jambo la kila usiku. Ukitoa bunduki kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaingia nje asubuhi, inatoka jasho kama chupa ya soda. Mfuko wa ngozi ndio mbaya kabisa. Ngozi inanyonya maji, na ndani yake zimebaki dawa na chumvi za kulainishia. Bunduki ikilala humo wiki moja inaamka na madoa yenye umbo la mfuko. Niliwahi kuchoma mfuko wa namna hiyo, mzuri, wa kushonwa kwa mkono, na sikuujutia.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeidhulumu nikeli. Ile bunduki kuukuu, iliyotuokoa, mwaka mmoja kabla sijastaafu tuliivua kitako chote cha mti ili kibadilishwe. Juu, palipoonekana na kupakwa mafuta kila usiku, chuma kilikuwa cheupe na safi. Chini, pale mtutu unapolala ndani ya mti, kulikuwa na mashimo mengine yenye kina cha kuingiza ncha ya sindano. Mti ulikuwa umenyonya maji ya ziwa kwa miaka, ukayashikilia dhidi ya chuma, na hakuna kitambaa kilichowahi kufika huko. Mwenzangu aliangalia kwa muda mrefu bila kusema kitu. Tukaivua na ile ya nikeli: chini ya mti palikuwa kama palivyotoka kwa fundi. Hapo, mahali pasipokwaruzwa na pasipofikiwa na mkono, utando ulikuwa umelipa gharama yake yote.

Ndani ya mtutu nako ni hivyo. Wanajeshi walijua mapema. AK-47, ile tunayoiita SMG, mtutu wake kwa ndani umepigwa kromu ngumu, na ndiyo sababu mojawapo ya bunduki hizo kuvumilia risasi zile za zamani ambazo fataki zake huacha chumvi mtutuni. (Chumvi hiyo haiondoki kwa mafuta, hata ukimwaga chupa nzima. Inaondoka kwa maji, hasa ya moto yenye sabuni, kisha unakausha ndipo unapaka mafuta. Vijana wengi wanaogopa kuweka maji kwenye bunduki, na ndivyo wanavyoiua.) Wamarekani walipeleka M16 Vietnam katikati ya miaka ya 1960 bila kromu kwenye chemba, pale risasi inapokaa, maganda yakawa yananasa humo askari wakiwa vitani, baadaye wakaiweka.

Nikiulizwa ni kinga gani ningeichagua leo kwa bunduki mpya, nitasema ile inayopikwa ndani ya chuma chenyewe. Inaitwa nitraidi. Chuma kinawekwa kwenye chumvi iliyoyeyuka kwa joto la nyuzi 500 na zaidi, nitrojeni inaingia ndani ya uso wa chuma na kuufanya mgumu sana. Hakuna utando wa kubanduka, kwa sababu hakuna kitu kilichopakwa juu. Ni chuma kile kile kimebadilika ngozi. Bastola za Glock zilijijengea sifa kwa njia ya namna hiyo tangu miaka ya 1980. Haitelezi kama nikeli, lakini mnyororo wa nanga hauibandui.

Haya yote nilimweleza yule kijana wa Sengerema, akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza tena: "Sasa mzee, nipeleke, nisipeleke?"

Nikamwambia, ungekuwa unanunua mpya, na kiwandani wameshaichovya au wameipika nitraidi, ongeza hiyo tofauti ya bei bila kusita. Lakini hii unayo tayari. Mimi hapa Mwanza sijamwona fundi wa kazi hiyo, kwa hiyo itabidi isafiri: vibali vya kuitoa, vibali vya kuirudisha, usafirishaji, miezi huna bunduki, na ng'ombe wako utawalinda kwa nini miezi hiyo? Halafu inarudi na springi ile ile iliyoondoka nayo. Kwa sehemu ndogo ya fedha hizo unapata springi mpya ya pini, brashi za shaba, mafuta mazuri ya miaka, kabati la chuma na balbu ndogo ya zamani, ile inayotoa joto, uiwashe chini ndani ya kabati miezi ya mvua ili hewa yake iwe kavu. Na mara moja kwa mwaka mpelekee fundi avue kitako, apake chuma nta au grisi pale chini ya mti. Hapo umepata faida kubwa ya nikeli bila nikeli.

Akaniuliza kuhusu shotigani ya baba yake yenye mitutu miwili, akitaka ipikwe nitraidi. Hilo nilimkataza kabisa. Nyingi kati ya shotigani za zamani mitutu yake imeunganishwa kwa solda, metali laini ya kulehemu, na joto lile litaiyeyusha yote. Hata ile dawa ya moto ya kurudishia rangi nyeusi inakula maungio hayo.

"Na hiyo bolti," nikamuuliza, "mara ya mwisho umeifungua lini?"

Akanyamaza. Wiki iliyofuata alirudi, kaiacha bunduki kabatini, kaja na bolti peke yake imefungwa kwenye kitambaa. "Shikamoo mzee, nimeileta." Tukatandaza gazeti barazani. Nikamwonyesha kifungo cha usalama kinakaa wapi na kijipini kinabonyezwaje, akaanza kuzungusha ile kofia ya nyuma. Haikusogea. Tukaidondoshea mafuta ya taa, tukanywa chai, tukaidondoshea tena. Ilikuwa karibu adhuhuri ilipokubali, ikatoka na mlio wa mchanga, na springi iliyomfuata mkononi ilikuwa nyekundu kuanzia katikati hadi mwisho.